Punje ya Mchanga

Chupa ilipotoka majini ilikuwa inalia. Mlio mwembamba, kama soda iliyotikiswa ambayo kizibo chake kimelegea kidogo. Mjomba alikuwa nyuma ya boti anakunja kamba. Akasimama, akaniangalia, akauliza, "Mjomba, humo umefungia nyoka?" Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, maana nilielewa mlio ule unatoka wapi. Niliielekeza chupa ziwani, mbali na nyuso zetu, nikaanza kufungua kifuniko robo mzunguko, nasubiri, robo mzunguko tena, nasubiri. Sikufika mbali. Kifuniko kilichomoka mikononi mwangu kikaruka kama jiwe la manati, kikazama mahali ambapo hakuna mtu angekifuata. Maji yakanimwagikia magotini. Nyuma ya maji ikaja betri, na nyuma ya betri kile kibao kidogo cha elektroniki nilichokuwa nimekitunza wiki mbili nzima kama yai.

Kilikuwa kimekufa. Sikuhitaji hata kukipima.

Hiyo ilikuwa Juni 2024. Ziwa Tanganyika lilikuwa limefungwa, uvuvi umesimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na boti ya mjomba ilikuwa imelala Kibirizi, hapa Kigoma, haina kazi. Ndiyo sababu nilimpata kwa bei ya mafuta na chakula. Watafiti fulani walitaka joto la maji lipimwe kwenye vina mbalimbali. Wao walikuwa na vifaa, mimi nilikuwa na mikono na mjomba mwenye boti.

Nieleze kwanza jinsi chupa ya kupimia inavyoweza kugeuka bunduki. Tulikuwa tumeishusha mita 300. Kila ukishuka mita 10 majini unaongezewa mzigo wa karibu kilo moja juu ya kila sentimita moja ya mraba, yaani eneo la kama ukucha wa kidole. Kwa mita 300 ukucha huo unabeba kilo 30, ndoo moja na nusu ya maji. Ukifika mita 1,000, na ziwa letu linafika huko bila taabu kwa sababu kina chake kirefu kabisa ni mita 1,470, ukucha ule ule unabeba gunia zima la mahindi, la debe sita. Sasa chukua chupa yenye kitundu chembamba kuliko tundu la sindano. Kule chini maji yanajipenyeza polepole, usiku kucha, yanaibana hewa iliyomo mpaka nayo inakuwa na nguvu sawa na maji ya nje. Halafu mjomba anavuta kamba. Nje mzigo unaisha kwa dakika chache, ndani hewa bado imebanwa, na kitundu ni chembamba mno kuitoa kwa wakati. Chupa iliyopasuka wazi haimdhuru mtu. Iliyovuja taratibu ndiyo ya kuogopa.

Kazi yangu ni vihisi. Wengi wa kazi hii husema sensa, na mimi nilisema hivyo mpaka Agosti 2022, serikali ilipokuwa inahesabu watu. Nilimpigia mama simu nikamwambia nimepata kazi ya sensa. Akafurahi, akaniombea dua, akawatangazia majirani zake wote wa Ujiji kwamba mwanawe atapita kuwahesabu. Walinisubiri. Tangu siku hiyo nasema kihisi, na mama akiulizwa anajibu kwamba mwanangu anatengeneza vitu vinavyohisi, kwa sauti ya mtu anayeficha kuwa mwanawe ni mganga.

Kihisi ni kitu kinachochukua jambo la dunia, joto, mgandamizo, unyevu, chumvi, na kuligeuza kuwa umeme kidogo unaosomeka. Kwenye chumba chenye feni, kazi hiyo ni rahisi kiasi kwamba kifaa chenyewe kinauzwa bei ya sahani ya wali maharage. Balaa huanza unapokipeleka mahali pabaya. Simu ukitaka kuikinga na mvua unaitia kwenye mfuko wa nailoni, basi, umemaliza. Kihisi hakifungiki hivyo. Ukikifungia ndani kitapona, lakini kitakuwa hakijui lolote. Lazima sehemu yake moja iguse kile kile kinachotaka kukiua. Cha tanuri kiingie motoni, cha ziwa kiguse ziwa. Na katika miaka yangu ya kubeba bisibisi, nimeona vihisi vichache sana vikifa kwa udhaifu wa kihisi chenyewe. Vinakufa mpakani: pale waya unapotoboa ukuta, pale kifuniko kinapokutana na shingo.

Nilijifunza hilo kwa chumvi kabla sijalijua kwa maji.

Bonde la Malagarasi, kule Uvinza, kuna chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamekuwa wakizichemsha kwa zaidi ya miaka 1,000. Waakiolojia wamechimbua huko mabaki ya vyungu na mashimo ya moto. Miaka michache iliyopita mzee mmoja mwenye sufuria zake pana za kuchemshia, si huko Uvinza penyewe, aliniomba nimfungie kipimo cha joto. Alikuwa na hoja nzuri. Kwa mwinuko wa huku kwetu maji matupu huchemka kwenye nyuzi 97 hivi. Chumvi inavyokolea ndivyo kiwango cha kuchemka kinavyopanda, na yanapofika mahali punje zinaanza kuzaliwa, kipimo kinapita 104. Ukijua saa hiyo unapunguza kuni. Usipojua, chumvi inagandia chini, sufuria inaungua na kupinda. Mama zake walikuwa wanajua kwa kuangalia povu. Yeye alikuwa na vijana wa kazi wasiolijua povu.

Nikamletea themokapo. Ni kifaa cha kizamani ambacho bado kinanishangaza: waya mbili za metali tofauti zimeunganishwa ncha. Mwaka 1821 Thomas Johann Seebeck aligundua kwamba mzunguko wa metali mbili tofauti, ungio moja likipashwa joto na jingine likibaki baridi, unasukuma sindano ya dira. Kilichokuwa kinaisukuma ni umeme. Hakuna betri, hakuna chochote. Waya yenyewe inazungumza. Ile ya aina ya K, nikeli na kromiamu upande mmoja, nikeli na alumini kidogo upande wa pili, inatoa kama sehemu 41 kati ya milioni za volti kwa kila nyuzi moja. Sikosei, gawa volti moja mara milioni, chukua vipande 41. Inastahimili joto linalopita nyuzi 1,200. Sufuria ya chumvi kwake ni kama uji wa mtoto.

Iliishi siku kumi na tisa. Na haikufa, ingekuwa heri ingekufa. Ilianza kudanganya. Iliendelea kuonyesha namba nzuri, thabiti, 99, 98, huku sufuria ikiwa imeshapita 104, na vijana wakiendelea kutupia kuni kwa sababu kipimo cha fundi kimesema bado. Mzee aliponiita alinionyesha sufuria iliyopinda kama sahani ya bati iliyokanyagwa na gari. Hakunigombeza. Alisema tu, "Povu halikuwahi kuniongopea, baba."

Kosa lilikuwa langu. Waya za themokapo zinalala ndani ya bomba jembamba la chuma kisichoshika kutu, zimezungukwa na unga mweupe wa magnesia unaozitenganisha. Chuma hicho hakishiki kutu kwa sababu kina kromiamu, na kromiamu inajifumia ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho inayozuia kutu. Klorini iliyomo kwenye chumvi inajua kuitoboa ngozi hiyo. Haili bomba zima. Inachagua nukta moja na kuchimba hapo, moja kwa moja, kama funza. Bomba kwa nje linang'aa bado. Maji ya chumvi yakapita, yakaulowesha unga, na unga uliolowa chumvi unapitisha umeme. Waya mbili zikawa zimeunganishwa mahali pengine, juu zaidi, penye ubaridi, na kipimo kikawa kinasoma hapo. Kuna chuma cha jamii hiyo hiyo kilichoongezwa asilimia 2 au 3 ya molibdenamu kinachovumilia zaidi, na titani inavumilia kuliko hicho. Nilijua. Niliangalia bei nikajisemea kwamba hiki kitatosha.

Safari ya pili nilikivika tefloni, ile ile ya kikaango, ambayo chumvi haina la kuifanya. Kikapona. Ila kikawa kizito wa kusikia: joto likipanda sasa hivi, chenyewe kinajua baadaye kidogo, kwa kuwa kimevaa koti. Kwa sufuria inayochemka nusu siku, ucheleweshaji huo si kitu. Kwa injini ungekuwa msiba. Kila unene unaomwongezea ulinzi, unampunguzia masikio.

Mtu akisikia habari za vifaa vya mazingira makali anafikiria roketi. Mimi nafikiria karabai. Mjomba amevua dagaa kwa karabai zaidi ya nusu ya maisha yake, kabla ya hizi taa za betri na sola hazijajaa ziwani, na kile kijifuko cha uzi kinachofungwa kwenye taa yake ni moja ya vitu vya ajabu kuliko vyote nilivyowahi kuvishika. Ukikiwasha mara ya kwanza uzi unaungua wote. Kinachobaki ni kiunzi cha majivu ambacho hakiungui tena, kinang'aa tu. Carl Auer von Welsbach, Muaustria, ndiye aliyepata mchanganyiko wake mwaka 1891: asilimia 99 oksidi ya thoriamu na asilimia 1 ya seriamu. Oksidi ya thoriamu haiyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 3,000. Siku hizi vingi vinatengenezwa bila thoriamu kwa sababu inatoa mionzi, lakini hadithi ni ile ile. Kinauweza moto wa kila namna, na hakimwezi kumbikumbi. Mdudu mmoja akiingia, kijifuko kinavunjika vumbi, na mjomba alikuwa anabeba vya akiba kwenye kopo la kahawa, ndani ya pamba. Uimara una upande. Unaimarika kwa jambo moja, unakuwa nyanya kwa jingine.

Neno lenyewe, karabai, limetokana na kabaidi, yale mawe ya kijivu ambayo mafundi wa kuchomelea wanayatia maji yakatoa gesi. Taa za kwanza zilitumia gesi hiyo. Za mafuta ya kubonyeza upepo zilipokuja zikarithi jina. Nalitaja hili kwa sababu ndugu mmoja wa ukoo huo wa kabaidi ndiye aliyefika karibu zaidi na jehanamu kuliko kifaa chochote cha elektroniki.

Zuhura, ile nyota ya alfajiri ambayo wavuvi wanarudi nayo, ni sayari yenye joto la nyuzi 460 hivi juu ya ardhi yake. Risasi huyeyuka kwa 327. Hewa yake imebana karibu mara 90 ya hii tunayovuta, sawasawa na kushuka mita 900 ndani ya ziwa letu. Nilipomwambia mjomba hilo alitazama maji chini ya boti, akatazama juu, akasema haoni kwa nini mtu atume kitu huko badala ya kumtumia yeye injini mpya.

Wasovieti walituma. Venera 13 ilitua Machi 1, 1982. Iliundwa iishi dakika 32, ikaishi dakika 127. Mbinu yao, ukiondoa ustadi wote, ilikuwa mbinu ya barafu ya samaki: uipoze tumbo kabla haijashuka, uifunge vizuri, kisha ufanye kazi haraka kabla joto halijaingia. Anayesafirisha migebuka wabichi kwa treni kwenda Tabora anaijua vizuri hesabu hiyo. Barafu itaisha, swali ni lini.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha Wamarekani, miaka mitatu na kitu kabla. Desemba 9, 1978 vyombo vinne vya Pioneer Venus vilizama kwenye hewa ya Zuhura, kimoja kikubwa na vitatu vidogo, sehemu nne mbalimbali za sayari. Kikubwa kilikuwa na dirisha la almasi halisi, kwa sababu kulikuwa na kihisi cha mionzi ya joto ndani yake na walihitaji kitu kinachopitisha mionzi hiyo na kuhimili mgandamizo na joto kwa pamoja. (Almasi inachimbwa humu humu nchini, Mwadui. Sijawahi kuwaza almasi kuwa kioo cha dirisha mpaka niliposoma habari hiyo.) Almasi haikusumbua. Vilipofika kama kilomita 12 juu ya ardhi, vihisi vya joto vya nje vya vyombo vyote vinne viliharibika, vyote, karibu kwenye kimo kile kile. Kimoja ungesema bahati mbaya. Vinne ni shahidi. Wataalamu waliporudi kulichunguza jambo hilo miaka mingi baadaye, kidole kiliishia kwenye waya za nje na maganda yake ya kuzuia umeme. Almasi ilipona, ganda la waya likashindwa. Nilisoma hilo usiku, nikakumbuka sufuria ya mzee.

Sasa ndugu wa karabai. Silikoni ya kawaida, iliyo kwenye simu yako, ikipita nyuzi 150 inaanza kupagawa. Kazi yake yote ni kuwa mlango: umeme upite, umeme usipite. Joto linatikisa chembe za umeme ndani yake mpaka zinaruka zenyewe bila kuruhusiwa, na mlango usiofungika si mlango tena. Silikoni ikiunganishwa na kaboni, yaani silikoni kabaidi, inazishika chembe hizo kwa mkono mgumu karibu mara tatu. Mwaka 2016, kwenye kituo cha Glenn cha NASA kule Cleveland, vipande vya elektroniki vya silikoni kabaidi viliwekwa ndani ya pipa la chuma lenye hewa ya Zuhura ya kutengenezwa, joto lile lile, mgandamizo ule ule, vikiwa uchi, bila boksi la kuvikinga. Vilifanya kazi saa 521. Baadaye vingine vikafika siku 60. Linganisha na dakika 127.

Na ukiuliza kilichowasumbua zaidi ni nini, jibu ni lile lile. Silikoni kabaidi kustahimili joto lilikuwa jambo linalojulikana zamani. Kazi ilikuwa zile njia ndogo za umeme zinazounganisha kipande na kipande, na mahali zinapokutana na silikoni. Alumini inayotumika kwa kawaida isingefaa. Waliishia kwenye mchanganyiko wa tantalamu na silikoni. Tantalamu hutoka kwenye koltani, na koltani tunaifahamu, inachimbwa hapo ng'ambo ya ziwa, Kongo, kwa jembe na ndoo. Sisemi kwamba ya kwao ilitoka huko. Nasema tu kwamba sipendi tunavyozungumza kuhusu vitu hivi kama vile vimeshuka kutoka mbinguni.

Koltani hiyo hiyo ina nayobiamu ndani yake, na nayobiamu ndiyo waya wa kihisi kinachokwenda karibu na jua kuliko vyote. Parker Solar Probe, chombo cha NASA kilichorushwa Agosti 12, 2018, kimejificha nyuma ya ngao ya kaboni yenye unene wa kama sentimita 11, iliyoundwa kuhimili zaidi ya nyuzi 1,300. Kikombe kimoja kidogo kimechungulia nje ya ngao, kwa sababu kinanusa upepo wa jua na upepo haunuswi ukiwa chumbani. Kimetengenezwa kwa titani, zirkoni na molibdenamu, ndiyo, ile niliyoikwepa kwa ajili ya bei. Desemba 24, 2024 kilipita kilomita milioni 6.1 kutoka kwenye jua.

Turudi kwenye chupa yangu, ambayo haikwenda popote isipokuwa mita 300.

Nilikaa nayo Kibirizi jioni ile najaribu kuelewa. Maji ya ziwa letu si ya chumvi. Si ya baridi pia, huko chini ni nyuzi 23 na kitu. Uhasama wake uko kwingine. Ukishuka mita 100 au 200 hewa ya oksijeni inaisha kabisa, na kule chini kumejaa gesi ya salfa yenye harufu ya mayai viza. Kamba ikipanda, mikono inanuka mpaka kesho. Gesi hiyo inageuza shaba kuwa nyeusi. Waya za chupa ya watangulizi wangu zilikuwa nyeusi kama mkaa. Na taabu yote hiyo ni kwa ajili ya kusoma tofauti ndogo mno, sehemu moja ya mia ya nyuzi. Ndogo, ila dagaa wanaijua. Mwaka 2003 tafiti mbili, moja katika Nature na nyingine katika Science, zilionyesha kwamba ziwa limepata joto, maji ya juu na ya chini yanachanganyika kidogo kuliko zamani, chakula cha chini hakipandi, na ziwa linazalisha kidogo zaidi. Ongezeko lenyewe la joto halifiki hata nyuzi moja kwenye maji ya chini. Kihisi kisichoona sehemu ya mia kitakuambia hakuna lililobadilika.

Basi chupa. Kati ya shingo na kifuniko kuna oringi, pete ya mpira. Mgandamizo wa maji ndio unaoibana oringi ikazibe zaidi, kadiri unavyoshuka ndivyo inavyoziba. Ni ufundi wa kupendeza, adui unamfanya mlinzi. Kwa bahati, oringi yenyewe ilikuwa imebaki shingoni. Niliigeuza geuza sikuona kitu. Mjomba akanipa miwani yake ya kusomea Kurani, nikaishika mbali kidogo kama kioo cha kukuzia, tukaiona wote wawili. Ndani ya grisi, punje moja ya mchanga, na kutoka kwenye punje hiyo mfereji mwembamba kama unywele umekatiza oringi kutoka nje kwenda ndani.

Grisi ilikuwa nyingi. Niliipaka mimi, na niliipaka nyingi kwa sababu ya Liemba.

Kila mtoto wa Kigoma amelelewa na kisa hicho. Meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 ikiitwa Graf von Götzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye maboksi 5,000, ikaja kwa meli mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka hapa, ikaungwa upya. Julai 1916 vita vilipowaelemea Wajerumani, mafundi walioiunga ndio waliopewa amri ya kuizamisha. Roho haikuwaruhusu kuiua. Walipaka injini grisi nene kila mahali, wakaijaza meli mchanga, wakaizamisha taratibu. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, injini ilikuwa bado nzima. Mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Babu yake mjomba alipanda meli hiyo, na mjomba hukisimulia kisa hicho kana kwamba grisi ilipakwa na babu mwenyewe.

Kwa hiyo nilipokaa ufukweni asubuhi ile, upepo wa kusi unavuma, chupa mapajani, nilichota grisi kwa vidole viwili. Wajerumani walipaka nyingi. Nami nikapaka nyingi. Na grisi nyingi, kwenye upepo, ufukweni, inafanya kazi moja tu: inadaka mchanga.

"Lakini ile ilipona na mchanga tumboni," mjomba alisema.

Ilipona kwa sababu ilikuwa imelala. Injini ya Liemba haikutakiwa kufanya lolote kwa miaka minane, haikuzunguka, haikupima, haikuongea na mtu. Kitu kilicholala unaweza kukizika kwenye grisi. Oringi ilikuwa kazini kila dakika, inabanwa na inajisogeza kufuata shingo, na kwake grisi inatakiwa iwe kama mafuta usoni: kung'aa tu, isionekane. Nilimweleza mjomba hivyo. Akafikiri kidogo, akasema basi Wajerumani wangenipiga kofi.

Kifuniko kipya kilichukua wiki tatu kufika. Safari hii niliifunga chupa chumbani kwa mjomba, mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa kanga ya shangazi, na shangazi mwenyewe amekatazwa kufagia. Oringi nikaiosha, nikaipitishia grisi kwa ncha ya kidole mpaka ikang'aa, nikaikagua kwa miwani ile ile. Tukaishusha jioni, tukaiacha usiku kucha, tukarudi kwayo alfajiri.

Ilipanda kimya. Nikaifuta, nikaifungua robo mzunguko, nikasubiri, robo mzunguko. Ndani kukavu kama biskuti. Nikaunganisha waya kwenye kompyuta, namba zikaanza kushuka kwenye kioo, mstari kwa mstari, saa kwa saa, na mjomba akasogea akiwa na miwani yake.

"Inasemaje?"

Nikamwambia juu ni 25 na nusu, chini ni 23 na kitu.

Alitazama kamba, mita 300 za kamba inayonuka mayai viza zimelundikana miguuni pake, akanitazama mimi. "Nyuzi mbili," alisema. "Mjomba, nyuzi mbili tu?" Kisha akachukua ndoo, akaanza kumwagia kamba maji ya juu.